Kushinda, Kushindwa na Sheria

Mashindano ya wanadamu yana njia mbili za kumpata mshindi. Njia ya kwanza ni ya ligi. Katika ligi kila timu hukutana na kila timu, na hesabu hufanywa mwishoni. Anayeanguka leo hupata wasaa wa kuinuka juma lijalo, na makosa ya mwezi wa Machi yaweza kufutwa na juhudi ya mwezi wa Mei. Ligi ina huruma ya mama. Njia ya pili ni ya mtoano. Hapa timu mbili huletwa mbele ya mlango mmoja, na mlango huo hupitisha moja tu. Inayopita husonga mbele kwenda robo fainali, nusu fainali na fainali. Inayobaki hufunga mizigo yake ikarudi kwao. Mtoano hauna juma lijalo.

Swali ninalotaka tulipime pamoja, msomaji, ni hili: je, timu iliyotolewa katika mtoano, pengine kwa bao moja, pengine kwa hesabu ya karatasi tu, yaweza kusemwa kuwa imetendewa haki? Na ikiwa imetendewa haki, haki hiyo iko wapi, kama huenda iliyotolewa ndiyo iliyocheza vizuri zaidi? Mtu mwepesi atasema kuwa hili ni swali la mpira, na mpira ni mchezo. Mimi naona kuwa ni swali la maisha lililovaa jezi. Kila mmoja wetu atashindwa mara nyingi kabla ya kufa kwake, na namna anavyoelewa kushindwa ndiyo itakayoonyesha kama anaweza kuishi na wenzake.

Ukikaa Wabera, katika mji wa Isiolo, wajua jinsi usiku wa mtoano ulivyo. Klabu za Ulaya zinapofikia hatua hiyo, mechi huanza saa nne au saa tano ya usiku kwa saa zetu. Vijana hujazana katika vibanda vyenye televisheni, Mborana kando ya Mturkana, Msomali kando ya Mmeru, Msamburu nyuma yao akichungulia juu ya mabega, wote wamevaa jezi za miji ambayo hawajapata kuiona. Filimbi ya mwisho inapolia, nusu ya kibanda huruka kwa furaha, na nusu ya pili hutafuta mwenye kosa. Mara ni mwamuzi, mara ni nyasi, mara ni sheria yenyewe. Maneno makali hutoka, na watu waliokuja wakiwa marafiki huweza kuondoka hawasemezani. Basi hata kwa ajili ya amani ya kibanda kimoja, swali letu linastahili jibu.

Yafaa kwanza tujue jinsi mtoano unavyoamua. Kwa kawaida timu mbili hukutana mara mbili, mara moja nyumbani kwa kila mmoja, na mabao ya mikondo yote miwili hujumlishwa. Mwenye mabao mengi hupita. Taabu huanza pale jumla inapokuwa sawa. Katika siku za kale klabu ziliweza kurudiana mara ya tatu katika mji wa tatu, na sare ikikataa kuvunjika, bahati iliachiwa kuamua. Hivyo ndivyo ilivyokuwa mwezi wa Machi 1965, katika robo fainali ya klabu bingwa za Ulaya. Liverpool ya Uingereza na Köln ya Ujerumani zilitoka sare mara mbili bila bao, kisha zikakutana Rotterdam na kutoka sare tena, mabao mawili kwa mawili. Mwamuzi akarusha kidude cha duara hewani. Mara ya kwanza kilianguka kikasimama wima ndani ya tope, kama kwamba nacho kimeshindwa kuamua. Mara ya pili kiliangukia upande wa Liverpool, na Köln wakarudi kwao.

Ukisikia habari hii huenda ukacheka, au ukakasirika kwa niaba ya Köln. Saa tano za jasho, kisha kauli ya mwisho itolewe na kitu kisicho na macho! Lakini tazama vizuri. Kitu kile hakikuwa na macho, na kwa sababu hiyo hakikuwa na upendeleo. Hakikuijua Liverpool wala Köln. Upungufu wake ulikuwa mwingine: hakikupima chochote katika mchezo wenyewe. Ndiyo maana watu wakatafuta njia zilizo karibu zaidi na mpira. Mwaka ule ule wa 1965 ilianza kutumika katika Ulaya sheria ya mabao ya ugenini, kwamba jumla ikiwa sawa, aliyefunga mabao mengi nje ya kwao ndiye apite. Mwaka 1970 mikwaju ya penalti ikakubaliwa kuchukua mahali pa bahati nasibu.

Katika mabadiliko hayo yote, mambo matatu hayakubadilika, nami naomba uyashike kwa kuwa ndiyo nguzo za hoja yangu. La kwanza, sheria ilijulikana kabla ya mchezo kuanza. La pili, iliwahusu wote kwa kipimo kimoja. La tatu, hakuna aliyejua itamwangukia nani. Yalipokuwapo mambo haya matatu, mwenye kupita alipita kwa haki na mwenye kutolewa alitolewa kwa haki, hata kama sheria yenyewe ilikuwa na kasoro. Likikosekana hata moja, mshindi huwa ameokota tu kitu kilichoanguka. Tuijaribu hoja hii kwa mifano ya kwetu, maana nguo hupimwa mwilini.

Mwaka 1987 Gor Mahia ya Kenya ilifika fainali ya Kombe la Washindi wa Afrika, lililojulikana wakati ule kwa jina la Mandela, mtu ambaye siku zile alikuwa bado gerezani. Mpinzani wake alikuwa Espérance ya Tunis. Mkondo wa kwanza ulichezwa Tunisia, ukaisha mabao mawili kwa mawili. Mkondo wa pili ulichezwa Nairobi mwezi wa Desemba, katika uwanja wa Kasarani uliofunguliwa mwaka ule ule, ukaisha bao moja kwa moja. Jumla ikawa tatu kwa tatu. Lakini Gor Mahia ilikuwa imefunga mabao mawili ugenini, na Espérance ilikuwa imefunga moja tu. Basi nahodha Austin Oduor akalinyanyua kombe, na nchi nzima ikaimba. Hakuna klabu nyingine ya Kenya iliyopata kutwaa kombe la bara la Afrika tangu siku ile.

Sasa nakuomba, msomaji, uondoke kidogo katika uwanja wa Kasarani ukae ndani ya ndege inayowarudisha wachezaji wa Espérance kwao. Hawakufungwa Tunis. Hawakufungwa Nairobi. Walifunga mabao sawa na wapinzani wao. Hata hivyo kombe limebaki nyuma yao, na kilichowatenga nalo ni mstari mmoja katika kitabu cha kanuni. Je, walidhulumiwa? Mkenya yeyote atajibu upesi kuwa hapana. Atasema sheria ilikuwapo, waliijua, nao kama wangefunga mabao mawili Nairobi wangechukua kombe. Jibu hilo ni sahihi. Nalikubali kwa moyo wote, na nataka tulitunze, kwa sababu punde tutalihitaji mahali ambapo halitatupendeza.

Mahali penyewe ni hapa. Miaka 36 baadaye, mwaka 2023, Yanga ya Dar es Salaam ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho la Afrika na kukutana na USM Alger ya Algeria. Tarehe 28 Mei, katika mji wa Dar es Salaam, Yanga ilifungwa mabao mawili kwa moja. Watu wengi waliikatia tamaa. Lakini tarehe 3 Juni Yanga ilikwenda Algiers, katikati ya makelele na moshi wa fataki za wenyeji, ikashinda kwa bao moja bila jibu. Jumla ikawa mawili kwa mawili. Kisha hesabu ya ugenini ikafanywa: USM Alger mawili, Yanga moja. Kombe likabaki Algeria. Afrika Mashariki nzima ilihuzunika, na wengi waliilaani sheria ya mabao ya ugenini, wakiiita ya kale, ya kijinga na ya kionevu. Walikuwa wakiilaani sheria ile ile iliyotupa furaha ya 1987. Wahenga walisema sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Tulipenda msumeno ulipokata ubao wa Tunis. Tuliuchukia ulipokata ubao wetu.

Hapa ndipo kipimo cha kweli kilipo. Kuipenda sheria siku inapokubeba si wema wowote. Hata mwizi huipenda sheria siku anapoibiwa yeye. Mpenda haki hujulikana siku sheria inapomkata, akaumia, na katikati ya maumivu akasema: nilikubali kabla, nami sikatai sasa. Neno hilo ni zito. Linahitaji nguvu kubwa kuliko mkwaju wa penalti, maana penalti hupigwa mbele ya watu wanaoshangilia, na neno hili husemwa wakati walioshangilia wamekwisha geuka kwenda kwao. Tena lina thawabu yake. Anayelisema hubaki na haki ya kudai sheria hiyo hiyo imlinde kesho. Anayelikataa leo atalihitaji kesho, wala hatalipata, kwa kuwa amewafundisha wengine kulikataa.

Huenda mtu akanipinga hivi: "Lengo la mashindano ni kumpata aliye bora. Ikiwa mtoano waweza kumtoa aliye bora, basi umeshindwa kazi yake, nasi hatuna wajibu wa kuuheshimu." Pingamizi hili lina sura nzuri, lakini linadhani kuwa ubora ni kitu kilichokaa mahali fulani kikingoja kuonekana, kama sarafu chini ya mto. Tazama yaliyotokea mwaka 1979. Simba ya Dar es Salaam ilikutana na Mufulira Wanderers ya Zambia katika mashindano ya klabu bingwa za Afrika. Simba ilifungwa nyumbani kwake mabao manne bila. Siku ile nani aliyekuwa bora? Bila shaka Mufulira. Kisha Simba ikaenda Zambia na kushinda mabao matano bila, ikapita. Siku ile nani aliyekuwa bora? Bila shaka Simba. Ubora ulihama ndani ya siku chache kama kivuli kinavyohama ukutani. Hakuna mizani duniani iwezayo kumpima aliye bora kwa siku zote. Liwezekanalo ni kukubaliana ni siku zipi zitahesabiwa, na kuzihesabu kwa uaminifu. Mtoano hautuambii nani ni bora. Watuambia nani amepita. Anayedai zaidi ya hayo anaudai mlango kazi ya mizani.

Pingamizi la pili ni gumu zaidi, nami silipuuzi. Litasema: "Sheria yaweza kuwa njema, lakini inashikwa na watu, na watu hukosea." Ni kweli. Mwaka 2024, katika robo fainali ya Ligi ya Mabingwa, Yanga na Mamelodi Sundowns ya Afrika Kusini zilitoka sare bila bao Dar es Salaam, na tena bila bao Pretoria. Katika mchezo wa Pretoria Aziz Ki wa Yanga alipiga mpira uliogonga mwamba wa juu, ukadunda chini karibu na mstari, ukatoka. Mamilioni ya watu waliamini kwa macho yao kuwa ulivuka mstari. Mwamuzi hakukubali kuwa ni bao. Yanga ikatolewa kwa penalti, mbili kwa tatu. Tuseme nini hapo? Naona tutenganishe mambo mawili yanayofanana kwa nje tu. Kuna kosa la mwamuzi mwaminifu, na kuna hila ya mwamuzi aliyenunuliwa. La kwanza ni sehemu ya hali ya kibinadamu. Twaweza kulilalamikia, kulikatia rufaa, na kutaka vyombo bora vya kulizuia. La pili huvunja nguzo zote, kwa kuwa mwamuzi aliyenunuliwa anajua kabla sheria itamwangukia nani. Mbele ya hila hakuna wajibu wa kunyamaza. Wajibu ni kusema na kudai hukumu. Lakini anayeita kila kosa hila, bila ushahidi, humtukana mwaminifu na kumficha mwovu, maana wote wawili huitwa jina moja.

Wala kuikubali hukumu hakumzuii mtu kutaka sheria mpya. Klabu na makocha wa Ulaya walilalamika kwa muda mrefu kuwa sheria ya mabao ya ugenini imepitwa na wakati. Walijadiliana kwa hoja na hesabu, na mwezi wa Juni 2021 shirikisho la kandanda la Ulaya likaifuta katika mashindano yake. Angalia namna lilivyofanyika: lilifanyika mezani, kati ya msimu na msimu, kwa ajili ya wote. Halikufanyika katika dakika ya 90, na aliyekuwa nyuma, kwa sababu alikuwa nyuma. Sheria ibadilishwe kabla ya mchezo au baada yake. Anayetaka kuibadilisha katikati ya mchezo hatafuti sheria bora. Anatafuta mlango wa nyuma.

Je, mshindwa aliyeyakubali haya yote abaki ameinamisha kichwa? La. Kukubali kushindwa ni jambo moja, na kukubali kuwa mtu wa kushindwa ni jambo jingine. Tumrudie Gor Mahia. Mwaka 1979, katika fainali ya kombe lile lile, ilifungwa na Canon Yaoundé ya Kamerun mabao mawili bila jibu nyumbani, kisha sita bila jibu ugenini. Mabao manane kwa sifuri! Hakukuwa na hesabu ya ugenini ya kulaumu, wala mwamuzi wa kusingizia. Klabu ingeweza kusema kuwa makombe ya Afrika ni ya watu wengine. Haikusema hivyo. Ilirudi nyumbani, ikafundisha vijana wapya, ikakaa miaka minane, ikarudi katika fainali na kutwaa kombe. Nao Espérance, waliorudi kwao mikono mitupu mwaka 1987, hawakukaa wakililia kitabu cha kanuni. Mwaka 1994 walikuwa klabu bingwa ya Afrika. Aliyetolewa na kusema kweli juu ya kutolewa kwake ana nafasi ya kujifunza. Aliyejidanganya kuwa ameibiwa hana la kujifunza, kwa kuwa mtu aliyeibiwa hatazami miguu yake, hutazama njia aliyoondokea mwizi.

Mshindi naye ana deni. Kombe analolinyanyua lina thamani kwa sababu moja kubwa, kwamba aliyeshindwa amekubali kuwa limeshindaniwa. Kama wapinzani wote wangesusia, mshindi angeshika chuma kitupu. Kwa hiyo mshindi anayemcheka mshindwa anakata tawi alilokalia. Yafaa amshike mkono, akijua kwamba leo ni kwake na kesho ni kwa mwenziwe. Mshindi mwenye dharau hufanya kukubali kuwe kugumu mara mbili. Mshindwa humeza uchungu wa kushindwa, kisha hutakiwa ameze na tusi juu yake. Wengi wameweza kumeza la kwanza; wachache wameweza la pili.

Sasa tutoke uwanjani turudi Wabera. Jina la mahali hapo ni jina la mtu. Daudi Dabasso Wabera alikuwa Mkuu wa Wilaya ya Isiolo, Mwafrika wa kwanza kushika cheo hicho hapo. Mwezi wa Juni 1963, miezi michache kabla ya uhuru wa Kenya, aliuawa kwa risasi pamoja na chifu Haji Galma Dido. Zilikuwa siku za ubishi mkubwa juu ya wilaya za kaskazini, kama zibaki Kenya au zijiunge na Somalia. Sina nia ya kuuhukumu ubishi ule. Ulikuwa na maumivu ya kila upande, na maumivu hayo yaliendelea miaka mingi. Nasema neno moja tu. Pale watu wasipokuwa na mwamuzi wanayemkubali wote, bunduki hujifanya mwamuzi. Na bunduki haijui mkondo wa pili, wala haina msimu ujao. Kila anayetaja jina la Wabera, ajue asijue, anataja gharama ya ubishi uliokosa filimbi.

Lakini Isiolo ina mafundisho ya namna nyingine pia, ya zamani kuliko mpira. Wazee wa Waborana wana utaratibu wa malisho uitwao dedha. Kwa utaratibu huo wao huamua ni wapi mifugo italisha wakati wa mvua, na ni nyasi zipi zihifadhiwe kwa ajili ya kiangazi. Mwenye ng'ombe wenye njaa akiambiwa asiingie katika malisho ya kiangazi kabla ya wakati, hana furaha. Huenda anaona nyasi kwa macho yake. Hata hivyo akiyaheshimu maamuzi, malisho yatakuwapo wakati jua litakapokuwa kali, kwake na kwa jirani yake. Akiyavunja, atashiba mwezi mmoja, na wote watalia miezi mitatu. Nani atasema kuwa mtu huyu, anayewarudisha ng'ombe wake nyuma, ameshindwa? Ameshinda jambo lisiloonekana siku ile.

Nchi nzima nayo imepata kujifunza somo hili kwa machozi. Mwishoni mwa mwaka 2007 matokeo ya uchaguzi wa rais wa Kenya yalibishaniwa, na katika wiki zilizofuata zaidi ya watu 1,000 waliuawa na mamia ya maelfu wakafukuzwa makwao. Tume iliyoongozwa na Jaji Johann Kriegler ilichunguza baadaye, ikasema kuwa hesabu ziliharibika kiasi cha kutowezekana kujua ni nani hasa aliyeshinda. Tazama jinsi nguzo zilivyoanguka pamoja: waliohesabu hawakuaminika, na walioshindwa hawakuwa na mahali pa kuamini kuwa watasikilizwa. Miaka kumi baadaye, mwezi wa Septemba 2017, Mahakama ya Juu iliufuta uchaguzi wa rais kwa sababu ya kasoro, na uchaguzi ukaamriwa urudiwe. Hasira zilikuwako, na damu nayo ilimwagika mwaka ule. Lakini nchi ilikuwa imejionyesha kuwa lalamiko laweza kupelekwa mbele ya mwamuzi likapata jibu. Uaminifu wa mwamuzi na utii wa mshindwa ni kama mawe mawili ya mafiga. Ukiondoa moja, chungu humwagika.

Wewe mwanafunzi uko karibu na mtoano wako mwenyewe. Mtihani una nafasi chache kuliko watu wanaozitaka. Kazi moja hutangazwa, na mia huiomba. Utapita milango mingine, na mingine itafungwa mbele ya uso wako, pengine kwa alama moja tu, kama bao la ugenini. Siku hiyo jiulize maswali matatu. Je, sheria ilijulikana kabla? Je, ilitupima sote kwa kipimo kimoja? Je, hakuna aliyejua mapema itamwangukia nani? Ikiwa jibu la lolote ni hapana, simama useme, kwa ushahidi na mbele ya wanaohusika, wala usiogope. Ikiwa majibu yote ni ndiyo, basi mpe mkono aliyepita, umtazame usoni, kisha nenda ukajifunze.

Kushinda huwapata wengi kwa siku moja moja, na sifa zake hupoa kama chai. Kushindwa kwa haki na kubaki mtu mzima ni jambo adimu, na ndilo linalowezesha mashindano yote yawepo. Siku kombe linaponyanyuliwa, macho yote humwelekea mmoja. Wewe geuza yako kidogo, umtazame yule aliyesimama kando, amechafuka jasho, akipiga makofi. Bila ya makofi yake pasingekuwa na mchezo.